Fundi wa Makochi Aliyekataa Kutoa Neno

Marehemu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja tangu akiwa msichana wa miaka kumi na sita hadi alipofariki: hakutoa neno kwa kinywa chake. Wengi waliomfahamu waliamini kwamba hakuweza. Aliweza. Alikuwa kiziwi, hakuwa bubu. Kicheko chake kilisikika hadi duka la pili, na akijigonga nyundo kidoleni karakana nzima ilijua. Ni maneno tu aliyoyanyima njia. Alizungumza kwa mikono, na aliyetaka kumwelewa ilimbidi aache shughuli zake amtazame.

Familia imekubaliana kwamba wasifu huu useme yaliyotokea, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliishi kwa kusimulia yaliyotokea, na mtu wa namna hiyo hazikwi kwa sifa za kupakwa rangi. Mama yake mzazi, aliyeketi hapa mbele, amekwisha kusomewa maneno haya. Alipoulizwa kama kuna mahali angependa paachwe, alijibu, "Msiruke kitu. Yeye hakuruka."

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1967, mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa bohari na mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kwa ushuhuda wa mama yake, hakuwa mtoto wa kukaa alipowekwa. Neno lake la kwanza lilikuwa "mama", la pili "maji", la tatu "sitaki", na hilo la tatu ndilo alilolitumia zaidi. Alipokaribia miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa, akapona, akarudi nyumbani akila vizuri na kupanda viti kama zamani, na jamaa wakashukuru kwamba balaa limepita. Kisha siku moja mama yake aliangusha sufuria jikoni, nyuma ya mgongo wa mtoto, na mtoto hakugeuka.

Daktari wa masikio aliwaambia wazazi mambo mawili. La kwanza, kusikia hakutarudi. La pili, mtoto akiachwa aombe vitu kwa kuonyesha kwa mikono atakuwa mvivu wa kusema, na yale maneno machache aliyokuwa nayo yatamkauka kinywani. Wazazi hawakuwa na mwingine wa kumwuliza. Hawakumjua kiziwi hata mmoja mtu mzima. Mama bado alikuwa na sauti ya mwanawe masikioni na hakutaka ipotee, basi kila mlo alimfunga viganja kwa kitambaa cha mezani mpaka aseme "maji" kwa kinywa. Wageni wakija, mtoto alisimamishwa katikati ya sebule aamkie. Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, aliiga sauti yake kuwachekesha wenzake mtaani, naye hajakana. Yote hayo yalifanywa na watu waliompenda. Mapenzi hayamfutii mtu alichotenda, na kumtii daktari hakufuti pia.

Mwaka 1975 alipelekwa shule ya bweni ya viziwi. Darasani sheria ilikuwa ileile ya nyumbani: mkono uliozungumza ulionja rula. Lakini nyuma ya jiko la shule, penye rundo la kuni, wasichana wakubwa walikuwa na ulimwengu wao. Huko walisimuliana hadithi, wakawasengenya walimu, wakagombana na kupatana, yote kwa mikono, na huko ndiko marehemu alikopata lugha akiwa na umri wa miaka minane. Baadaye alikuwa akiwaambia watu kwamba kabla ya hapo alikuwa na njaa bila kujua inaitwa njaa. Wenzake walimpa jina la ishara ambalo viziwi wote waliopo hapa wanamjua kwalo, vidole viwili vikivuta uzi kutoka kiganjani, kwa sababu alishona vifungo vya bweni zima na kumkaripia kila aliyevikata.

Desemba 1983 alikuja likizo. Kaka yake alikuwa amefaulu mtihani, na wazazi waliwaita jamaa kusherehekea. Baba yao, ambaye sasa ni marehemu, alitaka na binti aonyeshe alichojifunza. Binti alikuwa na sentensi moja aliyoifanyia mazoezi muhula mzima mbele ya kioo, mwalimu akimshika koo kupima mtetemo: "Karibuni nyumbani kwetu." Alisimama akaisema. Akaona meno. Binamu zake walikuwa wamejikunja vitini, wanafutana machozi ya kicheko. Akamtafuta mama yake kwa macho akamkuta amesimama mlangoni, kiganja usoni, mabega yakitikisika. Basi akafunga mdomo. Kesho yake alipotakiwa kuomba maji kwa kinywa, aliinuka akayachota mwenyewe. Bakora haikusaidia, maombi hayakusaidia. Lile neno lake la tatu la utotoni lilibaki bila kutamkwa, ila kila mtu nyumbani alilisoma.

Mwaka 1986 alianza kazi katika karakana ya kutengeneza makochi. Fundi mkuu, mzee mwenye maneno kama cherehani, alitangaza kwamba amemchukua kwa sababu amechoshwa na vijana wanaopiga soga kazini. Alijuta. Marehemu alikuwa mpiga soga kuliko wote: akiweka chini nyundo alikuwa na habari, akiiinua alikuwa ameiacha habari katikati, na wenzake wakasimama kumngoja amalizie. Mzee mwenyewe ilibidi ajifunze ishara ili asipitwe na umbea wa karakana yake. Siku moja mteja alimwinamia marehemu na kumfokea sikioni, akidhani atamsikia. Mzee alimwambia, "Ongeza kidogo, bwana. Kochi limeanza kukusikia."

Alikuwa hodari wa kufunga springi na kuvuta kitambaa kisiache mkunjo pembeni, na hakuvumilia kazi ya kulipua. Kochi lililoharibika mgongo alilifumua lote hata kama mteja aliomba kiraka tu, jambo lililoleta ugomvi mwingi na makochi mazuri. Mzee alipostaafu mwaka 2001 alimwachia karakana, akisema afadhali imwendee mtu atakayempigia kelele hata akiwa kaburini.

Aliolewa tarehe 20 Agosti 1994 na mpaka rangi, kiziwi mwenzake, ambaye alifika karakana kupaka ukuta mmoja. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Wiki ya tatu alikuwa bado anaona madoa. Fundi mkuu alivumilia hadi akachoka, akamwambia kwa ishara zake za kubabaisha, "Kijana, ukipaka tena chumba kitapungua. Sema unachotaka." Kijana alisema. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1996, anayesikia. Marehemu alimkataza kila mtu, wakwe wakiwemo, kumfanya mtoto huyo mkalimani wa mambo ya wakubwa. Kama mtu ana neno na mama, alisema, ajifunze kulisema kwa mama. Mtoto ana kazi ya utoto.

Kazi iliyowakusanya wengi wenu hapa ilianza mwaka 2003. Karani mmoja wa posta alileta viti vyake karakana akiwa na mwanawe kiziwi wa miaka mitano. Marehemu na mumewe walikuwa wakibishana juu ya rangi ya kitambaa, mikono ikipaa, na mtoto akasimama katikati yao kama aliyeona maji yakipanda mlima. Hakutaka kuondoka. Karani, ambaye ndiye mama wa mtoto, alimwomba fundi mkuu, aliyekuja siku hiyo kusalimia, amwulize marehemu swali moja: yeye alilelewaje? Marehemu alijibu kwamba hilo si swali la kujibiwa wima. Jumapili iliyofuata alikwenda nyumbani kwao, akakaa mpaka jua likashuka.

Tangu hapo hakutulia. Walimu wa kituo cha viziwi walimtuma kila palipopatikana mtoto, na mwalimu mmoja wa kituo hicho akawa mkalimani wake wa kudumu. Akiingia nyumbani kwa watu alitaka waliomo wote wakae, bibi na msaidizi wa kazi wakiwemo, na mtoto akae pale anapoweza kuona mikono ya kila mtu. Hakutoa hotuba. Alisimulia maisha yake kama yalivyokuwa: kitambaa cha mezani, rula, wageni, mama mlangoni. Alisimulia pia nyuma ya jiko la shule, na mpaka rangi na madoa yake, watu wakacheka, maana alitaka waone kwamba mbele ya mtoto wao kuna maisha kamili, yenye kazi na ndoa na utani. Akimaliza aliwauliza wao waseme.

Dereva mmoja wa lori alimwambia, "Mimi sina makuu. Nataka tu siku moja aniite baba."

Marehemu alijibu, mwalimu akitafsiri, "Amekuita tangu nimeingia. Amegonga meza mara mbili akakutazama. Wewe ukamwambia aache fujo."

Binti wa dereva akagonga tena, na safari hii baba akageuka. Wote wawili wapo hapa leo.

Mume wa marehemu husema mkewe aliutengenezea mji mzima viti, yeye mwenyewe asikae. Akitoka nyumba moja alikuwa anaulizia nyingine. Chakula alikila amesimama. Usingizini mikono yake ilisogea juu ya shuka. Akirudi nyumbani hakufurahia alichofanya, bali alinung'unikia alichosahau kusema, na mara mbili alirudi njiani kwenda kukisema. Waliomwambia apumzike aliwauliza kama na mtoto asiye na lugha atapumzika kumngojea.

Mwaka 2011 kituo kiliitisha mkutano wa wazazi katika ukumbi wa shule, na marehemu akaombwa asimulie. Mama yake alikuwepo, kwa mara ya kwanza. Alimsikia mwalimu akitamka kwa kinywa yale ambayo mikono ya binti yake ilikuwa ikiyasema majumbani kwa watu: kwamba mama alimfunga viganja, kwamba mama alisimama mlangoni akacheka. Mama aliinuka akatoka. Alimtuma kaka mtu kupeleka ujumbe: "Mwambie amenianika kama nguo mbele za watu. Nililea kwa nilichoambiwa. Nilitakiwa nimwulize nani?"

Marehemu alirudisha jibu kwamba ndiyo sababu anakwenda kwa watu, ili wao wawe na wa kumwuliza. Kuhusu kuanikwa, alisema hatasimulia maisha yake nusu. Jibu lilikuwa la kweli, na lilipelekwa bila hata chembe ya upole. Wawili hao walifanana kwa ukaidi kama sahani mbili za seti moja. Kwa miaka iliyofuata walisalimiana kwa kunyanyua mkono, wakaulizana afya kwa kichwa, basi.

Kisha presha ya macho ilianza kumla mama. Kufikia mwaka 2019 hakuona zaidi ya mwanga wa dirisha, na marehemu alikwenda kumchukua, hakusubiri kuombwa. Wakawa ndani ya nyumba moja, mmoja hasikii, mwingine haoni. Binti wa marehemu, aliyekuwa sasa muuguzi, ndiye aliyewafungulia njia. Alimwonyesha bibi yake kuweka viganja juu ya mikono ya marehemu na kuifuata inapotembea, mpaka neno litambulike kwa kuguswa. Kujibu, bibi alifanya ishara hewani, marehemu akazitazama. Mama alianza kujifunza lugha ya mwanawe akiwa na zaidi ya miaka sabini. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Ishara zake za kwanza zilikuwa malalamiko: chai ya baridi, mto mgumu, mkwe anatembea kwa kishindo. Marehemu alimwambia mumewe kwamba hatimaye amemjua mama yake, na kumbe ni mcheshi.

Mchana mmoja wa mwaka 2021, wakimenya viazi, mama aliacha kisu akauliza jambo ambalo hawakuwahi kuwa na lugha ya kuulizana. "Sauti unayo. Mimi niliisikia. Kwa nini unaninyima?"

Marehemu akajibu viganjani mwake, "Siku ile ya wageni ulicheka."

Mama hakuielewa mara ya kwanza. Alirudishiwa. Alipoelewa alitikisa kichwa, na kwa kuwa hakujua ishara ya kulia, aliteremsha vidole mashavuni mwake, tena na tena, mpaka marehemu akaelewa. Mama hakuwa amecheka. Alikuwa amewasikia watoto wa ndugu zake wakimcheka mwanawe, akajificha uso mlangoni akilia. Kwa jicho tu, mabega ya anayelia na ya anayecheka ni yaleyale, na marehemu alikuwa na macho tu. Alipoulizwa kwa nini hakusema siku ile ukumbini, mama alijibu, "Nilisema moyoni, kama ameamini hivyo juu yangu, na aamini."

Marehemu alikuwa amelisimulia kosa hilo kwa miaka kumi na minane kama jambo aliloshuhudia. Hakuona haki ya kuliacha. Alianza kurudi nyumba kwa nyumba, kwa wale wale aliowasimulia, kuwaambia: nilisema mama yangu alicheka, sikusema kweli, alilia. Wengine walishangaa amekuja mbali kwa neno moja. Karani wa posta alimwambia jambo lenyewe alikwisha kulisahau. Marehemu alimjibu kwamba mtoto wake hajalisahau. Wakati huo figo zilikuwa zimeanza kumsaliti, miguu imevimba hata viatu havifungi, na daktari alimtaka akae. Alikwenda kwa ndala. Familia mbili zilikuwa zimehama bila kuacha habari, na hizo zilimkosesha usingizi kuliko maradhi. Hadi siku za mwisho alimhimiza mwalimu aziulizie. Kama zimo miongoni mwenu leo, mmelisikia.

Alilazwa mara ya mwisho Agosti 2023. Wodi ilikuwa kubwa na vitanda vilikaribiana. Mama aliletwa kila siku akaketi ubavuni, viganja juu ya mikono ya mwanawe, wakizozana juu ya uji na juu ya nani alimharibu mjukuu. Siku moja mama alimwomba, "Niite. Mara moja tu, kama ulivyoniita kabla ya homa. Hata ikitoka vibaya."

Marehemu alitazama kulia na kushoto. Kisha akamjibu viganjani, polepole ili asikosee, "Si hapa, mama. Watu ni wengi. Nikitoka. Nyumbani, tukifunga mlango."

Mama alisema sawa, atangoja. Binti wa marehemu alikuwepo akaona yote. Marehemu hakuwa na kinyongo tena, maana chuki ile ilikwisha siku ya viazi. Ila msichana aliyesimama mbele ya wageni mwaka 1983 alikuwa bado hajaketi. Hali yake ilibadilika ghafla asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2023, akafariki kabla ya saa za kutembelea wagonjwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mama mzazi, mume, binti na mkwe, mjukuu mmoja wa kiume anayeijua lugha ya bibi yake, kaka, wifi na watoto wao, mafundi wa karakana, na wazazi na watoto wa nyumba nyingi ambao wanazungumza mezani kwa sababu alipita hapo. Mwenyezi Mungu amkalishe sasa, yeye ambaye hakujua kukaa, na ampe raha ya milele.

Kanuni yake ilimkinga na kicheko cha watu tangu usichana hadi siku ya kufa. Mama yake aliomba kuitwa mara moja, na hakuitwa.